Kozi ya siku mbili ya maadili kwa wasimamizi wa miradi, Mikocheni: maoni yangu baada ya miezi mitatu

Nilijiwekea kwamba sitaandika chochote kuhusu hii kozi mpaka nione mambo yake yanafanyaje kazi saiti, maana wote tunajua ukitoka semina na cheti mkononi unasifia kila kitu mpaka sambusa, alafu wiki mbili mbele hukumbuki hata slaidi moja. Sasa imepita miezi mitatu na siku kadhaa, nimeshapitia ripoti moja ya robo mwaka na manunuzi mawili makubwa nikiwa na yale mafunzo kichwani, ndo naona nina haki ya kusema kitu. Jina la waandaaji naliacha kwa sababu nina lawama zangu humu na sipendi kumchafulia mtu biashara.

Mi ni mratibu wa mradi kwenye shirika dogo, tunajenga vyoo na kuweka matangi ya maji shule za msingi, saiti zetu zipo Chanika, Mbagala na upande wa Kisarawe. Sio mhandisi, nilisoma maendeleo ya jamii, usimamizi wa miradi nimejifunzia kazini kama wengi wetu. Ada ilikuwa laki nne na ishirini, chai na chakula cha mchana ndani yake. Nililipa mwenyewe. Ofisini waliniambia bajeti ya mafunzo ni ya mambo ya kitaalamu, maadili mtu anatoka nayo kwao. Ile kauli ilinikaa kooni kwa sababu nilijua kabisa kwetu nilifundishwa nisiibe, ila hakuna aliyenifundisha nifanye nini siku mzabuni anakuja na bahasha anasema "dada hii ya vocha tu", tena anaiacha mezani na kuondoka kabla hujafungua mdomo.

Kufika ni rahisi, nilitoka Kimara na mwendokasi mpaka Morocco nikamalizia na bajaji. Ukumbi upo ghorofa ya pili, msafi, viti vizuri, ila kiyoyozi kilikuwa kikali na siku ya pili nilienda na kitenge cha kujifunika. Chakula kizuri, pilau la siku ya kwanza lilikuwa la kweli. Tuyapite hayo.

Tulikuwa watu 19 na huo mchanganyiko ndo ulinifurahisha kuliko nilivyotegemea. Wakandarasi wadogo wanne, vijana wawili wa benki wanaosimamia mradi wa mfumo wa kompyuta, watu wa mashirika kama mimi, na walimu wakuu watatu. Walimu wakuu! Nilishangaa kwanza, alafu mmoja wao akaeleza wakati wa kujitambulisha kwamba tangu fosi akaunti ianze, yaani ule utaratibu wa shule kusimamia ujenzi yenyewe na mafundi wa kawaida badala ya kumpa mkandarasi, shule inapopata hela ya madarasa ni yeye anayekuwa meneja wa mradi, atake asitake, na kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi zinaundwa palepale shuleni kwake. Akakumbushia mwaka 2021 zile hela za UVIKO zilipokuja, trilioni 1.3, na madarasa 15,000 yakatakiwa yajengwe nchi nzima kwa haraka, anasema wiki moja alikuwa anasahihisha madaftari, wiki inayofuata anahesabu nondo na kubishana na dereva wa tipa la mchanga. "Mimi ni mwalimu wa Kiswahili," akasema, "lakini CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akija ananiuliza mimi." Hakuna aliyecheka, maana kila mtu alikuwa anajiona pale.

Sasa wakufunzi walikuwa wawili, na hapa ndo kozi inagawanyika.

Wa kwanza ni kaka mmoja kijana, ana PMP, kile cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi, anajua vitu vyake sana tu, sina ugomvi naye. Alichukua asubuhi mpaka muda wa chai kutupitisha kwenye kanuni za maadili za PMI, ile taasisi ya Marekani ya usimamizi wa miradi iliyoanzishwa 1969. Kanuni zenyewe ni za mwaka 2006 na zimesimama kwenye vitu vinne, uwajibikaji, heshima, haki na ukweli, na kila kimoja kina sehemu mbili, yale unayotakiwa uyalenge na yale ambayo ni lazima, ukiyavunja unaweza kuchukuliwa hatua. Hata kama sio mwanachama, ukiomba tu kufanya mtihani wa PMP umeshajifunga nazo. Mi nilikuwa nimezipitia zamani kwa haraka, ila sikuwahi kuona kwamba kwenye sehemu ya ukweli wametaja mpaka nusu ukweli, yaani kauli ambayo kila neno ni sahihi lakini umeipanga ili msomaji aelewe vingine. Nikaandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari. Na kwenye haki, mgongano wa maslahi hautoshi kuujua mwenyewe moyoni, unatakiwa uuseme wazi kwa wahusika, na ukae pembeni kwenye maamuzi mpaka wahusika waridhie kwamba unaweza kuendelea. Kama mkandarasi ni shemeji yako, sema ni shemeji yako kabla hawajakuuliza.

Vizuri. Ila slaidi zote Kiingereza, kitini Kiingereza, na mifano ni ya huko huko, meneja wa programu za kompyuta amepewa tiketi za mechi na kampuni ya wauzaji, je azipokee. Nikamwangalia mwalimu mkuu aliyekaa kulia kwangu, kalamu ameiweka chini. Kwake hakuna tiketi za mechi, kwake kuna muuza kokoto anayempelekea mkewe mchele debe mbili sikukuu. Ni jambo lilelile kabisa, kwa nini lisisemwe hivyo?

Baada ya chai akaingia Mama. Mhandisi mstaafu, umri wa kama miaka 65 hivi, kanga begani, sauti ya chini mpaka inabidi mnyamaze mumsikie. Hakuwasha hata projekta. Akagawa karatasi tatu kila meza.

Zilikuwa kwotesheni tatu za vifaa vya ujenzi, maduka matatu tofauti, moja Buguruni, moja Tegeta, moja Kariakoo, kila moja na nembo yake, TIN yake, mhuri wake na sahihi yake. Saruji mifuko 200, nondo za milimita 12, bati, misumari, mbao. Akasema mna dakika kumi, niambieni mnachagua nani na kwa nini. Meza yetu tukapiga hesabu, tukalinganisha, tukaangalia nani anatoa risiti ya EFD na nani anasafirisha bure, tukachagua Buguruni. Meza zote tano zikachagua Buguruni, bei ya chini, vigezo vimetimia, safi.

Mama akasikiliza wote mpaka mwisho. Alafu akasema, "Sasa wanangu, acheni bei. Someni mstari wa nne."

Mstari wa nne ulikuwa wa bati. Kwenye karatasi zote tatu imeandikwa "bati gegi 28". Sio geji, kile kipimo cha unene wa bati, ni gegi. Maduka matatu, sehemu tatu tofauti za jiji, kosa moja. Tukaanza kuchungulia vizuri, kijana mmoja wa benki akatoa simu akapiga hesabu, akakuta bei za Tegeta ni za Buguruni ukiongeza asilimia 6, mstari kwa mstari, na Kariakoo ni asilimia 9, hakuna hata msumari uliotoka nje ya mpango. Mtu mmoja kakaa kwenye kompyuta moja kaziandika zote tatu.

Ukumbi ulinyamaza. Mi nilinyamaza zaidi, kwa sababu nilikumbuka faili letu la matangi la mwaka jana. Yule mzabuni wetu aliniambia kwa mdomo wake, "Dada usihangaike na foleni, nitakuletea zote tatu," na mimi nilimshukuru! Niliona kijana ana msaada. Nikaziweka kwenye faili nikasaini fomu ya ulinganisho wa bei kama vile nimelinganisha kitu. Sikula hata shilingi, lakini sahihi yangu ipo pale inasema kulikuwa na ushindani wakati hakukuwa nao.

Mama kama alijua anaongea na mimi. Akasema kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, namba 11 ya mwaka 2007, kifungu cha 15 wengi tunakijua, cha kupokea na kutoa. Ila akasema wenye kazi za kukaa na mafaili wakisome cha 22, kutumia nyaraka kumdanganya mwajiri, na msidhani ni cha watu wa serikali peke yao, kinamhusu hata wa shirika na kampuni. Hapo kila mtu akaanza kuuliza, na swali lililokuja kwa nguvu lilikuwa la karatasi za posho. Mnajua. Mafunzo yalikuwa ya watu 30, wamekuja 24, karatasi ya mahudhurio inarudi ofisini na sahihi 30. Dada mmoja akajitetea kwamba zile za watu 6 wanawalipia mafundi ambao bajeti haikuwaweka, hakuna anayeweka mfukoni. Nilitegemea Mama atamgombeza. Akamuuliza tu, "Mafundi hao wana haki ya kulipwa?" Ndiyo. "Basi kwa nini haki yao unaipitisha kwa jina la mtu ambaye hakuja? Omba kuhamisha kifungu cha bajeti. Ukikataliwa, mfadhili ndiye amekataa, na imeandikwa." Yule dada aliandika nusu ukurasa.

Mkandarasi mmoja akawa mkweli kuliko wote, akasema bila cha juu cheti chako cha malipo kinakaa mezani mwa mtu miezi miwili wakati vibarua wanalala getini kwako. Hapo Mama akachukua kalamu akaandika ubaoni mkataba wa milioni 48, cha juu asilimia 10, milioni nne na laki nane. Akauliza, wewe faida yako unaiacha? Hapana. Vibarua unawapunguzia? Watakimbia. Sasa inatoka wapi? Yule kaka alikaa kimya muda mrefu kisha akajibu taratibu, "Kwenye zege, Mama." Badala ya saruji moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne unaenda moja kwa tatu kwa sita, na nani atajua, ukishapiga plasta zote zinafanana.

Ndipo akatutajia lile jengo la ghorofa 16 la mtaa wa Indira Gandhi, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, watu 36 wakafa, na lile la Kariakoo la Novemba 16 mwaka 2024. Hakusema nani alikula nini, hakutaja mtu. Alisema jengo lolote likianguka anafikiria faili lake, karatasi ngapi zilisainiwa na watu waliokuwa na haraka, na kwamba katika watu hao huenda hakuna hata mmoja aliyetaka mtu afe. Alishika ile kanga yake akafuta miwani, tukaenda kula.

Siku ya pili alituambia mapema tutoe ripoti zetu wenyewe, aliyekuja nayo. Mi nilikuwa nayo kwenye simu. Nikasoma, "Utekelezaji umefikia asilimia 80, kukiwa na ucheleweshaji mdogo." Akaniuliza, "Mwanangu, asilimia 80 ya nini? Ya hela iliyotumika, ya siku zilizopita, au ya choo ambacho mtoto anaweza kuingia leo?" Nikasema ya hela. "Na mdogo ni siku ngapi?" Siku 41. Akasema basi andika siku 41. Huwezi kuamini hiyo peke yake imebadilisha ninavyoandika, neno "kidogo" na neno "takriban" nimeyatoa kwenye ripoti zangu zote, kama sijui namba naenda saiti kuhesabu.

Sasa lawama yangu kubwa. Saa tisa alasiri siku ya pili niliuliza swali ambalo ndo lilinipeleka pale: je, kama anayekuambia uandike uongo ni bosi wako? Kanuni zinasema toa taarifa kwa uongozi unaohusika. Na kama huo uongozi ndo umekutuma? Yule kaka akajibu fuata sera ya shirika, na akarudi kwenye mfumo wa PMI wa hatua tano za kufanya maamuzi, tathmini, tafuta njia mbadala, chambua, pima na maadili, chukua hatua. Sawa, lakini nina kodi ya nyumba mwisho wa mwezi na mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Mama akaingilia, na kwa dakika kama ishirini hivi alisema mambo yenye thamani kuliko nusu ya kozi. Kwamba agizo la mdomo ulirudishe kwa maandishi, kwa heshima, bila kulaumu. Kwamba usiende juu kwa hasira na maneno ya kusikia, nenda na ushahidi. Kwamba ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na TAKUKURU wana namba ya bure 113, ila akasema kweli kabisa kwamba sheria kukulinda na wewe kulala usingizi ni vitu viwili, jipange. Alafu muda ukaisha, vyeti, picha ya pamoja. Jamani! Hili ndo lilitakiwa liwe asubuhi nzima ya siku ya pili. Asubuhi hiyo tulikuwa tunasomewa slaidi za heshima kazini kwamba usimkate mtu kauli kwenye kikao.

Wiki tano baadaye lilinikuta. Ripoti ya robo mwaka, saiti ya Chanika shimo la choo cha wasichana lilikuwa halijajengewa, maji ya mvua yamejaa, na bosi akaniambia andika 85, ndani ya wiki mbili tutakuwa tumefika na awamu ya hela itatoka. Sio mtu mbaya, naomba nieleweke, alikuwa anafikiria mishahara yetu. Nikaandika imeili: "Shikamoo bosi. Kama tulivyoongea leo mchana, umenielekeza niandike asilimia 85 kwa Chanika. Vipimo vya saiti vya jana vinaonyesha 62, picha nimeambatanisha. Naomba mwongozo wako kabla sijatuma." Nilikaa nayo dakika arobaini bila kubonyeza. Nilienda kunywa maji, nikarudi, nikaisoma tena, nikatuma.

Hakujibu. Asubuhi akaniita, akasema, "Si ungenipigia tu?" Kisha akakaa kimya, akasema weka 62.

Mfadhili aliuliza maswali saa nzima kwenye simu, akatupa nyongeza ya wiki sita bila hela mpya na akashikilia sehemu ya awamu. Mafundi walilipwa kwa kuchelewa na mmoja mzuri sana akaondoka, bado naumia. Na bosi mpaka leo hatuongei kama zamani. Hayo hakuna slaidi iliyotuandaa nayo, na wanaofundisha maadili wanatakiwa wayaseme, kwamba unaweza kufanya sawa na bado ukapoteza fundi wako na ule utani wa ofisini. Choo cha Chanika kimeisha, shimo lina ukuta wa kweli, nimesimama juu ya mfuniko wake mwenyewe.

Kwenye matangi yule mzabuni nilimwambia kwa upole safari hii alete ya kwake tu. Nikatoka mwenyewe Jumanne moja, Buguruni, Kariakoo, mpaka Tandika, jua kali, nikarudi na kwotesheni tatu za watu watatu. Tangi la lita 5,000 lilishuka laki moja na arobaini kwa kila moja, tulinunua sita. Laki nane na arobaini, mara mbili ya ada niliyolipa, na siku hizi ofisini wananiuliza hiyo kozi ipo lini tena. La faili la mwaka jana niliandika maelezo ya ukurasa mmoja nikampa mhasibu aweke mbele ya zile kwotesheni, kwamba zote tatu zililetwa na mtu mmoja, nililijua hilo nilivyosaini ila sikuelewa kwamba hapo hakuna ushindani. Mkaguzi akija atalikuta.

Nawapa nyota nne. Ingekuwa Mama peke yake siku zote mbili, kwa Kiswahili, na swali la bosi likapewa nafasi yake, ningewapa zote tano bila kufikiria. Ukitaka kwenda, kabla hujalipa uliza kama yeye ndo anafundisha awamu hiyo, maana nimesikia kuna awamu hakuwepo. Nenda na ripoti yako halisi, futa majina, usiende na ya kupendeza. Mhandisi aliyeapa mbele ya bodi yake anaweza kuona mengine anayajua, ila mwalimu mkuu mwenye fosi akaunti, mratibu wa shirika, mhasibu wa mradi, kajichange uende.

Yule mwalimu wa Kiswahili tunawasiliana bado. Juzi usiku kanitumia meseji WhatsApp, anaomba nimpigie picha zile karatasi tatu za gegi 28, kamati yake ya manunuzi inakaa Jumatatu na anataka kuanza kikao nazo.